Alhamisi Nilizozikata kwa Kalamu Nyekundu

Kazi yangu ilikuwa kukata majina ya watu. Msicheke, wajukuu. Kuna waliokata nyama maisha yao yote, kuna waliokata nywele, mimi nilikata majina, kwa mkasi mweusi uliofungwa kitambaa mpinini, kwenye ofisi ya jarida la chuo kimoja hapa Moshi. Nilikata mpaka nikastaafu. Kosa langu kubwa nilikuja kulifanya baadaye, nilipoitwa kwa heshima zote na kupewa kalamu badala ya mkasi. Nilikata kipande kisichokuwa cha kukatwa, na rafiki yangu wa pekee akaondoka nacho. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi za karatasi, msije mkadhani karatasi haina mtu ndani.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe. Msomi akiandika makala huipeleka kwenye jarida. Jarida haliichapi hivi hivi kama unavyowatupia kuku pumba. Linawapa wasomi wengine wawili waisome, waseme inafaa au haifai. Na hao wawili hawatakiwi kujua imeandikwa na nani. Wakijua ni ya shemeji yao wataisifu, wakijua ni ya mgomvi wao wataichana. Kwa hiyo jina linaondolewa, inawekwa namba. Mwondoaji nilikuwa mimi, mwanamke wa darasa la nne niliyeajiriwa kupiga deki na kuchemsha chai.

Mhariri wetu, Mwalimu Elisante, ndiye aliyenipa ule mkasi. Nikamuuliza kwa nini mimi na wasomi wamejaa humu ndani.

"Hawa wote wana marafiki wasomi," akasema. "Wewe huna hata mmoja."

Alisema kweli, na niliona fahari, ingawa nilipofika nyumbani nililifikiria lile neno mara mbili.

Mwaka wangu wa kwanza niliharibu vibaya. Nilikata majina ya makala tatu, nikaandika namba moja, mbili, tatu, na vile vijikaratasi vya majina nikawashia jiko la chai. Nilidhani siri ndiyo hiyo. Sikujua kwamba vilitakiwa kuwekwa kwenye bahasha, ili mwisho wa safari kila makala irudishiwe mwenyewe. Majibu yaliporudi, moja ilihusu kahawa na ilisifiwa sana, moja ilihusu mbuzi na ilisemwa vibaya, ya tatu ilihusu mpunga wa Mabogini na haikusemwa chochote cha maana. Tukawaita waandishi. Wakaja watatu, na wote watatu wakasema, "Ya kahawa ni yangu."

Mwalimu Elisante hakunifokea. Alifunga mlango wa ofisi yake, akanipa zile makala tatu. "Soma," akasema. Nilikuwa nasoma kwa kidole, neno kwa neno, kama kuku anayekula mtama. Nikasoma mpaka mchana. Kisha nikawakalisha wale mabwana kwenye benchi nje, nikawamiminia chai, nikajifanya nafuta madirisha huku nawasikiliza wakiongea. Mmoja kila sentensi anaanza na "kwa upande mmoja", na upande wa pili hafiki. Huyo nilishamkuta kwenye mbuzi. Mwingine hawezi kusema jambo bila kulirudia. Mpunga. Nikaingia ndani nikasema huyu ni huyu, na huyu ni huyu. Yule wa mbuzi alikubali mwenyewe, akaomba chai nyingine.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na pua. Nasema bila aibu, hakukuwa na mtu wa kumnusa mwandishi kama mimi. Profesa mmoja karatasi zake zilinuka ugoro, nilimjua kabla sijafungua bahasha. Ninyi mtakaofanya kazi hii, jina la mbele si kitu, mtoto mdogo ataliona. Nenda kwanza mwisho, pale anapomshukuru mke wake kwa uvumilivu. Halafu tafuta "kama nilivyokwisha kueleza mahali pengine"; hapo ameshajitaja. Na siku hizi kompyuta inaficha jina la mtu ndani ya faili hata ukilifuta usoni. Nilipoonyeshwa nilisema kumbe na hii mashine ni mmbea.

Na Mwalimu Elisante alinipa sheria moja, aliirudia mpaka siku anaagwa: "Jina kata. Lakini neno usilolielewa, uliza kwanza ndipo ukate."

"Nimuulize nani, na mwandishi simjui?"

"Uliza hata ukuta. Ila uliza."

Sasa niwaambie habari za nyumbani, maana bila hizo hamtaelewa.

Nyumba yangu iko Kirua Vunjo, ndani ya kihamba tulichopewa na baba mkwe, migomba mbele, kahawa chini yake, ng'ombe mmoja bandani. Vyumba vitano, mtu mmoja. Mume wangu amelala nyuma ya nyumba chini ya saruji. Watoto nimezaa watatu na wote wamesimama: Aika yuko Dodoma, wa pili Mwanza, wa mwisho anapandisha wageni mlimani, hupita hapa na buti zake, anakunywa uji amesimama. Wajukuu ninao sita. Mmoja anasomea meno, na wote wanaongea Kiingereza kama redio. Desemba wanapanda wote, magari yanaegeshwa mpaka kwenye migomba, watoto wanakanyaga miche, nagombeza mpaka sauti inaisha. Januari inafika. Nafua mashuka sita, nayaanika, na kitu pekee kinachosikika ni maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia.

Ng'ambo ya huo mfongo aliishi Felista, Mama Deo. Yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri, na tulitaniana kwa hilo tangu tukiwa na meno yote.

"Mae, ninyi mnaimba kama watu wanaoogopa kumwamsha Mungu," alikuwa akisema. Mae kwetu ni mama.

"Na ninyi mnapiga magoti mpaka magoti yameisha," namjibu. Kweli magoti yake yalikuwa yameisha.

Kila Alhamisi jioni alikuja na mkungu wa mshare, zile ndizi za kupika, kichwani, anachechemea. Kihamba chake kilizaa kupita kiasi, na Deo wake anaishi mbali. "Zinaoza kule, Mama Aika, nisaidie," anasema. Basi namsaidia. Tunamenya, tunapika kiburu cha ndizi na maharage, tunakula, anazungumza mpaka giza linaingia, anaondoka. Nilimwonea huruma, mtu mzima na ndizi nyingi hivyo na hana wa kula nao. Mimi ndivyo nilivyoona, kwamba nampa msaada.

Ndipo akaja Dokta Anande. Huyu ni daktari wa vitabu, si wa sindano. Alikuwa mwanafunzi enzi zangu, sasa ndiye anayesimamia jarida. Aliegesha gari barabarani, akashuka kwa miguu na viatu vya mjini kwenye tope.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekonda. Hawakulishi huko?"

Akacheka, akaniambia wanatoa toleo maalumu, jarida zima habari moja tu, migomba ya mlimani. Nusu wataandika wasomi, nusu wakulima wenyewe, kwa Kiswahili. Matangazo yangesomwa makanisani. Na toleo la namna hiyo huitiwa mhariri mwalikwa, mtu wa nje anayeijua habari hiyo kuliko ofisi. "Wasomi nitawasimamia mimi. Wakulima tunataka uwasimamie wewe. Jina lako litakaa kwenye jalada."

Mimi niliyekata majina ya watu, jina langu jaladani! Nilimpigia Aika nikamwambia, nikawapigia wajukuu wote sita. Kanisani nilitangaziwa. Nilinunua miwani mpya.

Nilikuwa na sharti moja. Nikamwambia Anande: "Nileteeni bila majina. Na zilizoandikwa kwa mkono zipigwe chapa kwanza, nisitambue mwandiko. Hapa mlimani watu wote ni wangu. Nisije nikaambiwa nimependelea." Na makanisani wakatangaziwa: ukiandika, usimwambie mtu. Nilijisifu sana kwa sharti hilo. Nilikuwa kama mtu anayejenga ukuta mzuri, halafu anagundua ameuacha mlango upande wa pili.

Makala za wakulima zilikuja kumi na moja. Nilikaa nazo mezani wiki tatu na kalamu nyekundu. Nilikuwa mkali. Mtu mmoja ameandika kwamba ndizi ya kitarasa ni tamu ukiichemsha peke yake, nikaandika pembeni, "Umeila lini?" Mwingine amesifia mbolea ya chumvichumvi ya dukani kurasa nne, nikaandika, "Huyu hana ng'ombe."

Namba saba ilikuwa nzuri. Ilieleza jinsi ya kuchagua chipukizi, jinsi ya kuuacha mgomba mama, mwana na mjukuu kwenye shina moja, na jinsi unavyoujua mshare uliokomaa kwa kupapasa kingo za ndizi gizani. Sauti yake ilikuwa ya utulivu, ya mtu anayefikiri kabla ya kusema. Nikanusa. Nikasema huyu ni mtu wa upande wa Kibosho, tena mwanamume. Nilikosea vyote viwili.

Lakini mwisho wake kulikuwa na kipande kinachomhusu jirani yake, mwanamke fulani anayeishi peke yake, ambaye hupika sufuria kubwa na kumpa ng'ombe kinachobaki. Nilikasirika. Nikaandika pembeni kwa herufi kubwa, na haya maneno nayakumbuka kama amri kumi:

"Huyu mwanamke hayupo. Hakuna mama wa Kichagga anayempikia ng'ombe. Na kama yupo ni mjinga, na mwandishi anamdekeza. Hii si migomba. Ikatwe."

Asubuhi ile ile nilikuwa nimemmwagia ng'ombe wangu nusu sufuria ya kiburu. Lakini mimi sikuwa nimempikia ng'ombe. Mimi nilikuwa nimebakiza. Mnaona jinsi mtu anavyoweza kuwa kipofu na miwani mpya usoni?

Dokta Anande alipokuja kuchukua makala alisita kwenye ile ya saba. "Bibi, una uhakika? Mimi hiki kipande ndicho kilichoniliza."

"Machozi si migomba," nikamjibu.

"Tumuulize mwandishi kwanza? Namba yake ya simu ninayo."

Hapo ndipo. Sheria ya Mwalimu Elisante ilikuja yenyewe mpaka mlangoni kwangu, na viatu vyake vya mjini, ikaniuliza kama niko tayari kuuliza. Nikasema, "Mhariri nani, mimi au wewe?" Kikakatwa. Na maneno yangu yakatumwa kwa mwandishi yalivyo, ndiyo utaratibu, ili ajue kwa nini.

Alhamisi iliyofuata Felista hakuja. Nikasema magoti. Alhamisi ya pili nikaweka maji ya kumenyea ndizi kwenye beseni, yakakaa mpaka yakapoa, nikamwagia maua. Ya tatu nilimwona ng'ambo ya mfongo akikata majani ya ng'ombe. Nikaita, "Mama Deo!" Akainua mkono, akaendelea kukata. Nikaambiwa na moyo wangu: ni wivu. Amesikia habari za jalada. Basi na akae na wivu wake. Mfongo ule upana wake ni hatua mbili, na kuna gogo la kuvukia. Sikuvuka.

Ya nne, au ya tano, nilisikia gari kwake mchana. Binti yake alikuja kumchukua akamtunze kwake Shirimatunda, chini mjini, kwa sababu ya yale magoti. Nilisimama nyuma ya migomba yangu nikiangalia wanapakia godoro. Felista alitazama upande wangu kidogo. Mimi nilikuwa nasubiri aje aniage. Mlango wa gari ukafungwa.

Sasa hapo sufuria ikawa kubwa kweli. Alhamisi nilikuwa nashtuka saa kumi jioni, nasikiliza kuchechemea. Ukizoea mwendo wa mtu mwenye goti bovu, miguu mizima ya wengine inakuudhi.

Jarida likachapwa. Dokta Anande akaniletea nakala tano. Jina langu lipo jaladani, jeusi juu ya kijani. Nikalitazama vizuri, nikalipapasa. Halafu nikafungua ndani, maana kwenye kuchapwa ndipo majina hurudishwa, na nilitaka kumwona yule mwanamume wa Kibosho.

Chini ya makala ya saba paliandikwa jina la Felista, na Kirua Vunjo.

Nilisoma kwa kidole, kama zamani.

"Anande," nikasema, "kile kipande kiko wapi?"

"Kipo, bibi. Kompyuta haitupi kitu." Akanisomea kutoka kwenye simu yake. Nilimwomba asome tena, na mara ya pili nilimwambia asome taratibu, kwa sababu nilikuwa namsikia Felista, ila Felista ambaye hajawahi kuongea hivyo mbele yangu, bila utani. Bandani ng'ombe akalia, anataka chake. Nikajijua.

Kesho yake nilikata jani la sale mpakani kwetu. Vijana wa mjini, huenda hamlijui. Ni lile jani refu tunalopandia mipaka ya vihamba. Ukimkosea mtu, unalifunga fundo, unampelekea, na akiliona hawezi kukataa kukusamehe, hata kama umemuua mbuzi wake. Wakatoliki na Walutheri, hili tunalo sote. Nikachukua na mkungu mmoja, nikashuka Shirimatunda.

Nyumba ya binti yake ni nzuri, bati jekundu, uwanja wote saruji. Mgomba mmoja tu, umepandwa kwenye ndoo. Felista alikuwa amekaa kibarazani, miguu juu ya kigoda.

"Hodi."

"Nani?"

"Mhariri."

Akanyoosha shingo, akaniona. "Mhariri gani anabisha hodi na jani mkononi?"

"Mae, lipokee, mkono unauma."

"Na nikilikataa?"

"Halikataliwi hili."

"Najua halikataliwi. Ndiyo maana nataka kulitazama kwanza." Akalitazama, analigeuza, kama mtu anayechagua chipukizi. Kisha akalilaza mapajani. "Nilidhani umejiona, ukakasirika, ukaniandikia tusi."

"Sikujiona."

"Hukujiona?"

"Hata kidogo."

"Na ng'ombe? Hukumwona hata ng'ombe?"

"Hata ng'ombe."

Alicheka mpaka akashika magoti. "Wewe! Wewe uliyekuwa unamnusa profesa kwa ugoro wake!" Na mimi nikacheka, halafu sikuwa nacheka tena, akaniacha mpaka nimalize, hakunigusa. Anajua sipendi kuguswa.

"Ungeniaga tu," nikamwambia.

"Sikujua nimuage nani. Jirani au mhariri."

Tulikula ndizi zangu. Nikamuuliza atarudi lini nyumbani. Akatazama zile ngazi tatu za kibarazani. "Hizi hapa napanda kwa kujadiliana nazo, Mama Aika. Mlima nitauambia nini?" Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza zaidi. Kuna neno linaeleweka bila kuulizwa.

Siku hizi Alhamisi ya mwisho wa mwezi nateremka na mkungu. Namwambia kule zinaoza. Anajibu, "Pole, nitakusaidia." Alhamisi zinazobaki ni zangu na ng'ombe.

Dokta Anande ndiye aliyeniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi. Nilipomwambia Felista kwamba nitakirudisha humu kile kipande, akakataa.

"Acha, mae. Watu wote wa Kirua watajua ni wewe."

"Wajue," nikasema.

Hiki hapa, chote, sijagusa hata koma:

"Mkungu wa mshare usiule peke yako, utakushinda. Mimi ninaye jirani. Watoto wake wako mbali kama wangu. Hupika sufuria ileile aliyowapikia walipokuwa wadogo, na kinachobaki humpa ng'ombe, na huyo ng'ombe amenona kuliko wote wa kwetu. Huongea naye pia. Nikipita mfongoni namsikia akimsimulia habari za wajukuu. Kila Alhamisi nampelekea ndizi, namwambia nyumbani zinaoza, anisaidie. Haziozi. Lakini nikimwambia nimekuja kwa sababu yuko peke yake, atafunga mlango, maana ni mtu ambaye akinyeshewa na mvua husema ameoga. Basi nasema zinaoza. Tukila pamoja, ninaporudi kwangu sufuria yangu nayo siioni ilivyo kubwa."

Namba saba imeandikwa na Felista, Mama Deo, wa Kirua Vunjo. Mwenye ng'ombe ni mimi.